Mjadala: Shule inaposema mtoto "yuko tayari", yuko tayari kwa nini?

Ndugu zangu mlioko Texas, hili linaniuma. Wilaya za shule huku hupewa daraja, A hadi F, na sehemu ya daraja hilo hutokana na asilimia ya wahitimu wanaohesabiwa kuwa tayari kwa chuo, kazi au jeshi. Kigezo kimoja kinatosha: alama nzuri za SAT (mtihani wa kuingilia chuo), kozi za chuo alizosoma akiwa bado sekondari, au cheti cha ufundi kilichomo kwenye orodha ya jimbo (siku hizi pamoja na kozi zinazoendana nacho). Tangu sheria ya 2019, idadi ya wahitimu hao ikivuka kiwango, wilaya hupata na pesa za ziada.

Mpwa wangu alihitimu na cheti cha kupanga maua. Kimetundikwa sebuleni, na mama yake hukipangusa vumbi kila Jumamosi. Binti mwenyewe anafunga maboksi ghalani, zamu ya usiku. Hajawahi kulipwa hata senti kwa ua. Kwenye hesabu za shule yake, huyo ni tayari.

Sisemi takwimu zitupwe. Zimfuate mtoto akishatoka getini! Texas tayari huunganisha kumbukumbu za shule, vyuo na mishahara kwa ajili ya watafiti. Basi kwa kila kozi mzazi aambiwe: baada ya miaka miwili, wangapi wako chuoni, wangapi wana ajira, wanalipwa kiasi gani?

Mwalimu wa ufundi, Dallas: La maua nakubali kabisa. Lakini usisahau 2023. Kiwango cha kupata A kilipandishwa kutoka asilimia 60 ya wahitimu walio tayari hadi 88, kisha wakapimwa nacho watoto waliokwisha kuhitimu 2022. Tungewafanya nini tena? Wilaya nyingi zilikwenda mahakamani, na madaraja ya 2023 yakatoka Aprili 2025. Sasa ukileta na mishahara, nitaadhibiwa kwa kijana aliyeacha chuo ili amuuguze baba yake. Nionyeshwe pa kurekebisha, nisichapwe.

Mleta mada: Mwalimu, hapo sikupingi. Hizo namba zisiingie kwenye daraja la wilaya. Ziwekwe mezani siku ya kuchagua kozi, mtoto akiwa na miaka 14. Dada yangu alitia sahihi fomu ya kuchagua kozi akiamini shule imeshamtafutia mtoto njia.