Mwezi wa dalali: kwa nini alipe mpangaji wakati aliyemtuma ni mwenye nyumba?

Wakuu, juzi kuna mdau kasema tuache kulialia, mwezi wa dalali (ile kodi ya mwezi mmoja anayochukua dalali ukipata nyumba) upo miaka yote na asiyetaka azunguke mtaani mwenyewe. Nabisha.

Chukua chumba masta na sebule Sinza au Tabata hapa Dar, laki tatu kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, hiyo milioni moja na laki nane, dalali naye anataka mwezi wake laki tatu, bado ile elfu kumi ya kuonyeshwa uliyotoa kabla hujaliona hata geti, unafika unakuta maji ya kununua na choo mnashea na wapangaji wanne, unaambiwa hela hairudi bosi twende nyingine. Sasa huyo dalali ulimchagua wewe? Nyumba imekuja naye, na saa nyingine wako watatu, mmoja ana picha, mwingine ana mteja, wa tatu ndo ana funguo, wote wanaugawana huo huo mwezi wako. Ukisema punguza, kuna mtu nyuma yako ana keshi.

Wenzetu wameshalishika hili. Ujerumani tangu Juni 2015 ukipangisha, aliyemwagiza dalali ndo anamlipa. England Juni 2019 wakapiga marufuku ajenti kumtoza mpangaji ada za namna hiyo. New York, ambako mpangaji alikuwa anatolewa mpaka asilimia 15 ya kodi ya mwaka mzima, kuanzia 11 Juni 2025 dalali wa mwenye nyumba analipwa na mwenye nyumba, na madalali wa kule walikimbilia mahakamani kuipinga (mngetegemea nini).

Najua mtasema mwenye nyumba hela hiyo atairudishia kwenye kodi. Sawa, airudishie. Laki tatu ukiigawa miezi 12 ni elfu 25 kwa mwezi, naweza kuishi nayo kuliko kuikopa yote siku moja pamoja na ile ya Kirikuu ya kuhamia. Ila hapa nakubali kitu kimoja, ukikaa miaka mitatu na kodi haijashuka utakuwa umelipa laki tisa, kwa hiyo mpangaji anayetulia sehemu moja anaweza kuumia. Sisi tunaohama kila mkataba ukiisha ndo tunapona. Halafu mwenye nyumba akianza kulipa yeye atabageni, atamtafuta dalali wa nusu mwezi, kitu ambacho mimi mwenye godoro kwenye bodaboda siwezi.

Madalali nao wana haki yao, sikatai. Mtu anachoma bando na nauli, anaonyesha watu kumi hola, wa kumi na moja anachukua namba ya mwenye nyumba pembeni wanamalizana wenyewe. Hiyo elfu kumi ya kuonyesha imezaliwa hapo hapo. Karatasi ya makubaliano kati yake na mwenye nyumba ingemlinda kuliko kunikaba mimi.

Mdau, ukija kunijibu usiniletee ya utamaduni. Na madalali wa Kimara na Mbezi mliopo, semeni ukweli: mwenye nyumba akiambiwa huo mwezi unatoka kwake, atakulipeni, au atabandika tu karatasi getini na namba yake?