Diwani huamua kura yake wapi na lini?

Mwanzisha mada

Ndugu wanajukwaa, nimekuwa nikihudhuria vikao vya wazi vya baraza la madiwani kama msikilizaji, na kuna jambo linalonitatiza. Hoja nzito, kama ile ya kubadilisha matumizi ya kiwanja cha wazi kuwa cha biashara, husomwa, wajumbe wawili watatu huchangia, mwenyekiti huwahoji wanaoafiki na wasioafiki, na mara mikono karibu yote huwa imenyooshwa upande mmoja. Je, diwani huwa anafuata wananchi wa kata yake, chama chake, wataalamu au dhamiri yake? Nauliza kwa sababu sisi wakazi huwasilisha malalamiko siku ya kikao, na nahisi tunakuwa tumekwisha kuchelewa.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, hisia yako ni sahihi. Niliwahi kuandika mihtasari ya vikao vya aina hiyo, na ninaweza kusema kwamba hoja inapofika mbele ya baraza zima huwa imekwisha kupita mikono mingi. Huanza kwa wataalamu, ambao huandika taarifa na kuifunga kwa mapendekezo. Hapo ndipo penye nguvu kubwa isiyoonekana, kwa kuwa anayeandika taarifa ndiye anayechagua njia zipi zitajwe na zipi zisitajwe kabisa. Diwani anayetaka jambo lisilokuwemo hulazimika kulijenga mwenyewe, akiwa hana takwimu wala msaidizi.

Kisha taarifa huenda kwenye kamati, na hapo ndipo mjadala wa kweli hufanyika. Wajumbe wa kamati huweza kumbana mtaalamu kwa maswali, wakati diwani asiyekuwa mjumbe hupokea kabrasha nene siku chache kabla ya kikao, lenye ajenda za fedha, ardhi, afya na elimu kwa pamoja. Hawezi kuyajua yote, na simlaumu. Anachofanya ni kumtazama mwenzake anayemwamini katika eneo hilo na kufuata msimamo wake, kiasi kwamba kura nyingi hutokana na imani ya mjumbe kwa mjumbe kuliko maoni yake juu ya hoja yenyewe.

Mwisho hukutana madiwani wa chama kimoja, milango ikiwa imefungwa. Humo watu hubishana kwelikweli, lakini msimamo ukishapitishwa, anayeupinga hadharani hujiweka katika hatari ya kukosa nafasi kwenye kamati au kutoteuliwa tena kugombea.

Mchangiaji wa pili

Nakubaliana na maelezo ya mwenzangu kuhusu mkondo wa hoja, ila yanamfanya diwani aonekane bendera tu, jambo ambalo si haki kwake. Suala la iwapo mwakilishi atumwe kufuata matakwa ya waliomchagua au aaminiwe kuamua mwenyewe ni la zamani. Mwaka 1774 mwanasiasa Edmund Burke aliwaambia wapiga kura wa Bristol, Uingereza, kwamba anawajibika kwao kwa bidii yake na pia kwa hukumu ya akili yake, hata pale wanapotofautiana naye. Maneno hayo husifiwa sana. Wanaoyasifu hawaongezi kwamba mwaka 1780 alijiondoa katika kinyang'anyiro cha jimbo hilo baada ya kuona hana kura za kutosha kushinda.

Kwa uzoefu wangu, diwani yule yule hubadilika kulingana na hoja. Barabara au zahanati ya kata yake ikitajwa, yeye ni mjumbe aliyetumwa, na hakuna chama kitakachomzuia kwa urahisi. Kwenye sheria ndogo za ushuru zinazogusa kata zote hufuata chama. Kwenye jambo ambalo hakuna aliyempigia simu kulihusu, ndipo hukumu yake binafsi hupata nafasi. Msimu wa bajeti huja na lingine: anayetaka daraja huunga mkono soko la mwenzake ili naye aungwe mkono. Wengi huliona hilo kuwa ni uchafu, mimi silioni hivyo, mradi mapatano yenyewe yanaweza kuelezwa mbele ya wananchi bila aibu.

Mchangiaji wa tatu

Nitaongeza jambo moja kuhusu viwanja na vibali. Katika maombi ya aina hiyo diwani huketi karibu na nafasi ya hakimu, hivyo hutakiwa asiwe amefunga akili yake kabla ya kusikiliza pande zote, na mwenye maslahi katika jambo huyatamka na kujitoa. Uingereza sheria ya mwaka 2011 ilifafanua kwamba kuwahi kutoa maoni juu ya jambo si ushahidi tosha kuwa mjumbe alikwisha kuamua. Kwa hiyo diwani anayekataa kukuahidi kura yake juu ya kiwanja huenda hakukwepi; anajilinda uamuzi usije ukabatilishwa.

Mwanzisha mada

Nawashukuru. Basi tumwendee nani, na wakati gani?

Mchangiaji wa kwanza

Waendeeni wajumbe wa kamati husika kabla taarifa haijajadiliwa, mkiwa na barua fupi inayotaja aya mnayoipinga na sababu yake. Ombeni marekebisho kuliko kuomba hoja yote ikataliwe, kwa maana diwani aliyefungwa na msimamo wa chama huweza kuunga mkono marekebisho bila kuonekana muasi, lakini hawezi kuipinga hoja nzima. Na kanuni zikiruhusu, mwombeni diwani wenu adai kura ziandikwe kwa majina. Fahamuni tu kwamba orodha hiyo mtaisoma ninyi, na viongozi wa chama chake nao wataisoma.