Mbolea ya ruzuku: namba yako ilikuja lini na ulipata mifuko mingapi? Tupeane uzoefu

Jembe la Mkono (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za majukumu. Msimu unakaribia, huku kwetu Mbozi watu washaanza kusafisha mashamba na pale kijiweni stori ni moja tu, namba ya ruzuku, ile unayotumiwa kwenye simu uende nayo kwa wakala upewe mbolea kwa bei nafuu. Nimeona nifungue uzi kila mtu aseme yaliyomkuta toka anajiandikisha mpaka mfuko unaingia ndani, maana ukisikiliza redioni ni kama unaenda dukani unachukua unarudi, kumbe hapo katikati kuna mabonde.

Naanza mimi. Ile 2022 Rais Samia alipozindua ruzuku pale Mbeya kwenye Nane Nane nilifurahi sana sio siri. DAP, ile mbolea ya kupandia, ilikuwa imeshafika 130,000 na ushee kwa mfuko wa kilo 50, ukiambiwa utaipata kwa 70,000 unaanza kupiga hesabu ya kukodi shamba lingine. Nikaenda ofisi ya kijiji nikaandikwa kwenye daftari, jina, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), simu, zao mahindi, eka 3. Nikasubiri weee, namba ikaja Novemba. Nikachukua bodaboda mpaka kwa wakala kata ya jirani maana kwetu hakukuwa na wakala, nakuta foleni imezunguka duka mpaka kwenye mparachichi wa nyuma, nimekaa toka saa 12 asubuhi zamu yangu imefika saa 9 mchana. Kijana akaingiza namba, akaniangalia, akasema mzee wewe mfuko mmoja tu. Nikamwambia haiwezekani mimi nina eka 3. Akanigeuzia simu nikasoma kwa macho yangu mwenyewe: 0.3. Kuna mtu kaweka nukta pale, sijui kidole kiliteleza sijui alidhani nalima bustani ya mchicha.

Nikarudi na mfuko mmoja. Siku zote naweka kifuniko kimoja cha soda kwa kila shimo, mwaka ule nikawa naweka nusu kifuniko na bado haikufika mwisho wa shamba. Mahindi yalipofika magotini yakaanza unjano kuanzia majani ya chini, ile rangi mkulima yeyote akiiona barabarani anapunguza mwendo kumhurumia mwenye shamba. Kuiondoa nukta nimeenda ofisini mara 4, leo mtu wa mfumo yuko semina, kesho mfumo umegoma, inakuja kurekebishwa mahindi yako kwenye mbelewele, mbolea ya nini tena hapo.

Waliofanikiwa nao waseme. Karibuni.

Mama Wawili

Pole kaka. Mimi niko Namtumbo, mbolea nilipata ila yangu yalikuwa ya laini ya simu. Mnakumbuka ile ya kusajili laini kwa vidole mwisho Januari 2020, mimi nilikuwa sina NIDA kwahiyo laini ikafungwa, nikawa natumia ya mwanangu akija likizo. Siku ya kujiandikisha mbolea wakaniuliza namba ya simu nikatoa ya mwanangu, ndio niliyokuwa naijua kichwani. Sasa meseji ya ruzuku imeenda Mbagala! Kijana kaiona, namba ndefuuu haielewi, kadhani ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kaifuta. Mimi huku kila nikikutana na mtendaji namuuliza baba namba yangu vipi, ananiambia mama mbona mfumo unaonyesha ulishatumiwa. Nikawa namfikiria vibaya yule baba wa watu mpaka namsema kwa majirani. Ilikuja kujulikana Desemba mwanangu amekuja Krismasi, tunaongea tu jikoni, anasema mama siku hizi matapeli wamehamia kwenye mbolea. Nilikaa chini kwenye kigoda nikacheka mpaka machozi. Nimemuomba msamaha mtendaji, na laini sasa ninayo yangu.

Wakala Mdogo

Naomba na sisi mawakala tusikilizwe maana kila uzi wa ruzuku sisi ndio wezi. Mkulima anaona nimekaa na simu nampotezea muda, hajui ule mfuko lazima niuskani ile alama yake mfuko kwa mfuko, usiposkaniwa kwa mfumo bado uko stoo hata kama umeshaliwa na mahindi. Mtandao ukikata nina watu 60 nje wamenuna, kuna mmoja alitaka kulala dukani na mkeka kaja nao. Bando langu, umeme wangu, turubai langu. Halafu mtu anakuja na namba za watu 9, mjomba, shangazi, jirani, anataka mifuko yote apakie kwenye fuso. Nikimkatalia ananiambia nina roho mbaya, nikimkubalia mwezi ujao nasikia mbolea ya ruzuku imekamatwa inavuka mpaka na mimi ndio naitwa kwenda kueleza. Mkuu Jembe ile nukta yako kijana wa duka hana uwezo wa kuigusa, sisi tunachoona ni kiasi kilichobaki kwako tu, ukituletea ugomvi unatuonea.

Mzee wa Vocha

Shikamooni mnaonizidi. Nyie mnalia na meseji, sisi wa vocha tuna makubwa. Ile programu ya kuanzia 2008/09, kila kaya iliyochaguliwa inapewa vocha 3, moja ya mbolea ya kupandia, moja ya kukuzia, moja ya mbegu, zinatosha eka moja. Kulikuwa na kamati ya vocha ya kijiji ndio inapanga nani apate. Sasa vocha ile haikuwa bure, ilikuwa inalipia kama nusu ya bei, nusu nyingine unaongeza mwenyewe. Niambieni mkulima mwezi Desemba hela ya kuongezea anaitoa wapi, ndio kwanza ametoka kulipa michango ya shule.

Mimi sitaki kujifanya mtakatifu, nitasema. Mwaka wa pili sikuwa na hata mia. Akaja mfanyabiashara mmoja jioni nyumbani, akasema mzee weka sahihi hapa kwamba umechukua mbolea, vocha nipe, chukua 10,000. Nikaweka dole gumba, kusoma nasoma lakini alitaka dole gumba. Siku ile tulikula samaki nyumbani. Kwenye karatasi mimi nimepokea mbolea na mbegu bora, shambani nimepanda mahindi niliyotoa darini. Na hatukuwa wachache, ukipita mtaani jioni zile unakuta watu wana wino kidoleni wanajuana kwa macho. Kwahiyo mtu akiniambia mfumo wa simu ni mbaya namwambia subiri kwanza, huu angalau hauji nyumbani usiku na elfu kumi.

Wakala Mdogo

Mzee wangu marahaba siitikii mimi ni mdogo, ila umesema kweli tupu. Na bado wapo wanaouza namba, wamebadilisha karatasi tu.

Kijana wa Kitale

Sasa wadau, mimi ni jirani yenu Trans Nzoia nasoma tu nikicheka. Huku pia tulisajiliwa kupitia kwa chifu, wakachukua kitambulisho, simu, ekari na kile unapanda, alafu unangoja meseji ya e-vocha inakuambia una mifuko mingapi na uende depo gani. Bei ya mfuko ilishuka kutoka 6,500 za Kenya ikaja 3,500, na 2023 ikawa 2,500, hapo serikali nitaipa heko yake. Shida yangu ilikuwa depo. Meseji iliniambia nina mifuko 6, nikafika saa kumi asubuhi na giza nikapata watu washalala hapo na blanketi, DAP ikaisha nikiwa nimebakisha watu kama ishirini mbele yangu. Nikarudi siku ya pili, siku ya tatu ndio nikapata, boda go and return mara tatu, chai na mandazi, na pick-up ya kubeba. Nilipopiga hesabu na bibi yangu usiku ile bei nafuu yote nimeiacha barabarani karibu nusu. Baadaye walileta maghala karibu na mashinani ikawa afadhali. Ile sarakasi ya mbolea feki ya 2024 siigusi, presha yangu iko juu tayari.

Binti Mkaanga Korosho

Huku Newala sisi shughuli yetu ni salfa, dawa ya kupuliza mikorosho. Hizi pembejeo za korosho zinatolewa kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unapewa kulingana na ulivyoandikwa. Baba yangu alifariki 2019, Mungu amrehemu, mikorosho tumerithi watoto wanne. Kwenye daftari bado yupo yeye. Msimu wa kwanza nimeenda nimeambiwa mwenye jina aje mwenyewe, nikasema mwenye jina yuko makaburini nyuma ya msikiti, karani akasema basi leta cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kikao cha ukoo wadau! Mjomba mmoja Masasi, mwingine Dar, wa tatu hatusemeshani toka mambo ya kiwanja. Vikao viwili, nauli zao nimelipa mimi, pilau nimepika mimi. Nimerudi na muhtasari una sahihi zote, naambiwa salfa ya awamu hiyo imeshaisha. Maua hayasubiri muhtasari, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, umeshaingia. Nilinunua ya mfukoni, kidogo, nikapuliza ile mikorosho ya karibu na nyumba tu.

Kichekesho, mwaka uliofuata nimekuta marehemu baba amegawiwa mifuko na kuna mtu amemsainia.

Mama Wawili

Eh! Nani huyo aliyesaini?

Binti Mkaanga Korosho

Dada tuishie hapo, ni ndugu.

Kijana Msaka Fursa

Mimi sio ruzuku ni maombi ya BBT, ile programu ya serikali ya kuingiza vijana kwenye kilimo, mwaka 2023. Nilijaza kwenye simu usiku kwa sababu mchana ilikuwa haifunguki. Tuliomba zaidi ya 20,000 nchi nzima, awamu ile wakachukuliwa 812. Sikupata, sina kinyongo, hesabu yenyewe unaiona. Sasa hivi nalima matikiti Dakawa kwa pampu ya kuazima.

Bwana Shamba Mstaafu

Nimekaa ugani miaka mingi, nimestaafu kwahiyo nitasema bila woga. Afisa mmoja ana vijiji viwili vitatu, anaandika wakulima mamia kwa mkono kwenye daftari, halafu usiku ndio anaingiza kwenye kishikwambi, mtandao ukikubali. Hapo ndipo nukta zinapozaliwa. Sio roho mbaya, ni saa 6 usiku. Na nyie wakulima mnatuchosha, mtu ana eka 2 anaandika 10 apate ya kuuza, tukienda kupima anasema nyingine ziko ng'ambo ya mto.

Jembe la Mkono, msimu huu umehuisha taarifa? Nenda mapema kabla foleni haijaanza, na usiulize "niko vizuri?" kwa sababu utajibiwa ndiyo. Mwambie afungue taarifa zako akusomee kwa sauti, jina kama lilivyo NIDA, eka, zao, halafu namba ya simu tarakimu moja moja na wewe unafuata kwenye simu yako.

Jembe la Mkono

Mzee nashukuru sana. Leo nimeenda. Jina sawa, eka 3 ipo bila nukta, nikataka kuaga nikakumbuka namba ya simu. Anasoma, mimi nafuata, kufika mbili za mwisho yeye anasema 68 mimi yangu 86. Ndio maana msimu uliopita sikupata meseji kabisa nikajua nimeenguliwa! Karekebisha hapo hapo mbele yangu dakika mbili hazijaisha.

Nimetoka nje nimekaa chini ya mti nikaipigia ile ya 68. Kapokea mama mmoja wa Tukuyu, nikajieleza, akanikatisha: "Kumbe ni wewe baba! Mimi nauza vitenge, nilikuwa nashangaa hawa wa mbolea wananitakia nini." Nikamuuliza ile meseji bado unayo? Anasema alimpa shemeji yake.

Namba ya shemeji ameniahidi atanitumia jioni.