Kwa nini Coastal Union na timu nyingine za mikoani hushindwa msimu baada ya msimu?

Mgosi wa Raskazone aliuliza:

Ndugu wapenzi wa soka, salamu kwenu. Nina swali ambalo ningeomba lijibiwe kwa hoja, tukiweka kando utani wa jadi.

Coastal Union ya Tanga ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, na tangu hapo haijautwaa tena. Msimu wa 2015/16 ulipokwisha, Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT zilishuka daraja kwa pamoja, na mkoa wetu wote ukabaki bila timu ya Ligi Kuu. Coastal ilirejea mwaka 2018. Tarehe 2 Julai 2022 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Yanga jijini Arusha, ikatoka sare ya mabao 3-3 na kupoteza kwa penalti. Msimu wa 2023/24 ilimaliza ya nne, nyuma ya Yanga, Azam na Simba, ikapata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika, ambako iliondolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola. Kila tunapofika hatua kama hizo tunaamini kwamba timu imesimama, kisha kikosi kinatawanyika na safari inaanza upya.

Wala si sisi peke yetu. Tangu Mtibwa Sugar ilipochukua ubingwa wa pili mfululizo mwaka 2000 hadi kufikia msimu wa 2024/25, ni Azam peke yake, mwaka 2014, iliyoweza kuingilia kati ya Simba na Yanga. Ninachotaka kuelewa ni hiki: timu inayoshindwa kwa miaka mingi huwa inakosa nini hasa? Ni fedha, ni viongozi, ni makocha, au kuna jambo jingine ambalo sisi mashabiki hatulioni kutoka jukwaani?

Mhasibu wa Ngamiani alijibu:

Ndugu Mgosi, mimi naanzia kwenye fedha, kwa sababu mengine mengi hutokana nazo.

Klabu ya wanachama ya mkoani hujaza uwanja siku chache sana kwa msimu, nazo ni siku ambazo Simba au Yanga imekuja. Michezo mingine mapato ya mlangoni huwa madogo. Uwanja wenyewe si wa klabu. Mkwakwani, uwanja tunaoutumia Tanga, ni mali ya CCM, kama ilivyo Kirumba ya Mwanza na Sokoine ya Mbeya, kwa hiyo klabu ni mpangaji katika nyumba ambayo haiwezi kuiendeleza wala kuiweka rehani. Mkataba wa haki za matangazo ambao Azam Media ilisaini na TFF, shirikisho la soka nchini, mwaka 2021, wa Shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, umeleta nafuu kubwa, lakini fedha hiyo hugawanywa kwa klabu zote, na kwa klabu ndogo huishia kwenye nauli, hoteli na mishahara. Timu ya Tanga inayokwenda kucheza Bukoba au Kigoma inavuka nchi nzima, na gharama hiyo haipungui kwa sababu klabu ni maskini.

Hapo ndipo mauzo ya wachezaji yanapoingia. Mwaka 2020 beki Bakari Mwamnyeto aliondoka Coastal kwenda Yanga, na mwenzake Ibrahim Ame akaenda Simba. Mwaka 2022 Abdul Suleiman Sopu, aliyefunga mabao yote matatu katika fainali ile ya Arusha, alikwenda Azam, na kiungo Victor Akpan akaenda Simba. Kuuza mchezaji si kosa hata kidogo, na kijana ana haki ya kutafuta maslahi yake. Tatizo la klabu nyingi za aina hii ni kwamba fedha ya mauzo huikuta klabu ikiwa tayari na malimbikizo ya mishahara na posho, inalipa madeni ya msimu uliopita, na nafasi ya mchezaji aliyeondoka inajazwa na yeyote anayepatikana bila ada ya usajili. Msimu unaofuata timu inashuka kwenye msimamo, wadhamini wanapoteza hamu, na deni jipya linaanza kabla la zamani halijaisha. Ukiangalia kwa makini utaona kwamba timu haikushindwa uwanjani mwezi Machi bali ilishindwa mwezi Julai, wakati wa usajili.

Mkongwe wa Shinyanga alijibu:

Nakubaliana na Mhasibu kuhusu ukata, lakini nawaomba msiishie hapo. Sisi wa Shinyanga tumewahi kuwa na fedha na bado tukaanguka. Stand United ilipopanda Ligi Kuu ilipata udhamini wa kampuni ya uchimbaji dhahabu ya Acacia, udhamini ambao klabu nyingi za mikoani zingeuota tu. Badala ya fedha hiyo kujenga timu, ukazuka mgogoro kuhusu nani mwenye klabu, upande mmoja ukijiita wa wanachama na mwingine wa kampuni. Udhamini ule haukudumu, na mwaka 2019 timu ikashuka daraja.

Nalisema hili kwa uchungu, maana uwanja wetu wa Kambarage ulikuwa ukijaa. Katika klabu ya wanachama, uongozi mpya mara nyingi huingia madarakani kwa ahadi ya kufuta kila kilichofanywa na uongozi uliotangulia. Kocha anaondolewa, meneja wa timu anaondolewa, hata mtunza vifaa. Mchezaji aliyesajiliwa na kundi lililoshindwa uchaguzi anatazamwa kama mtu wa kundi hilo. Hali ikiwa hivyo, fedha ikiongezeka huongeza tu ukubwa wa ugomvi.

Yanga yenyewe ni ushahidi. Yusuf Manji alipojiuzulu uenyekiti mwaka 2017, klabu ile kubwa ilipita katika kipindi kigumu hadi mashabiki wakawa wanachangishwa, na ilikaa misimu minne bila ubingwa mpaka 2021/22. Tofauti yake na sisi ni kwamba Yanga ina mamilioni ya mashabiki wa kuivusha katika kipindi kama hicho, wakati Stand United au Toto Africans ya Mwanza ikianguka hakuna anayeikimbilia.

Mtanzania wa Michigan alijibu:

Ndugu zangu, naomba niongeze mfano kutoka huku ninakoishi. Ni mchezo tofauti, ule wa mpira wa Kimarekani, lakini unalijibu swali la Mgosi kwa namna ya pekee, kwa sababu huku sababu ya fedha karibu imeondolewa kwa makusudi. Katika ligi ya NFL haki za televisheni hugawanywa sawa kwa klabu zote, tangu mwaka 1994 kuna kikomo cha jumla ya mishahara ambacho hakuna klabu inayoruhusiwa kukivuka, na timu iliyoshika mkia ndiyo inayopewa nafasi ya kwanza kuchagua wachezaji bora wanaotoka vyuo vikuu. Hakuna kushuka daraja. Kwa mpangilio huo ungetarajia kwamba kila timu ingepata zamu yake.

Hata hivyo Detroit Lions ilichukua ubingwa mwaka 1957, na kwa zaidi ya miongo sita iliyofuata ilishinda mchezo mmoja tu wa mtoano, Januari 1992. Mwaka 2008 ilipoteza michezo yote 16 ya msimu. Kwa nini? Kuanzia mwaka 2001 hadi 2008 klabu iliongozwa na Matt Millen, aliyekuwa mchezaji mashuhuri na kisha mtangazaji, lakini hakuwa amewahi kuendesha timu. Katika miaka ya 2003, 2004 na 2005 klabu ilitumia chaguo lake la kwanza, ile zawadi anayopewa aliyeshindwa, kuchukua wachezaji wa nafasi ileile moja, wapokeaji wa pasi, wakati sehemu nyingine za timu zikiwa na mapengo makubwa. Makocha walibadilishwa, yeye akabaki.

Mwaka 2021 wakaajiriwa Brad Holmes kusimamia usajili na Dan Campbell kuwa kocha. Msimu wa kwanza walishinda michezo mitatu tu. Msimu wa pili ulianza kwa ushindi mmoja katika michezo saba, na mashabiki wengi walitaka waondolewe. Mmiliki alisema hadharani kwamba ana imani nao, akawaacha wafanye kazi. Msimu wa 2023 walishinda michezo miwili ya mtoano na kufika hatua moja kabla ya fainali. Msimu wa 2024 walishinda michezo 15 kati ya 17. Ligi ni ileile, mgawo wa fedha ni uleule na jiji ni lilelile. Kilichobadilika ni nani anayeamua na muda anaopewa.

Mwalimu wa Soweto, Mbeya alijibu:

Mfano wa ndugu yetu wa Michigan ni mzuri, lakini naona una mpaka wake, na nitausema waziwazi. Kule Marekani mchezaji chipukizi anafungwa kwa mkataba wa miaka minne, na timu tajiri haiwezi kuja kumng'oa kwa fedha kila dirisha linapofunguliwa. Kwetu, uvumilivu unaadhibiwa. Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji letu, ilimaliza ya tatu katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14, chini ya Juma Mwambusi. Wengi wa vijana wale walikuwa hawajulikani nje ya Nyanda za Juu Kusini, na Mwambusi alikuwa amewapanga kwa subira. Baadaye Mwambusi mwenyewe alichukuliwa na Yanga kuwa kocha msaidizi, wachezaji wakatawanyika, na mwaka 2023 timu ikashuka. Sasa mniambie, ni nani aliyekosa uvumilivu hapo? Jiji lilivumilia, lakini soko halikuvumilia.

Lakini pia siwezi kukubali kwamba kila kitu ni soko, kwa sababu kuna Azam. Azam ina uwanja wake Chamazi, ina kituo cha vijana, na nyuma yake wapo wamiliki wenye uwezo mkubwa. Ilichukua ubingwa wa 2013/14 bila kupoteza mchezo. Kisha mwaka 2017 iliwaachia Aishi Manula, Shomari Kapombe, Erasto Nyoni na John Bocco, aliyekuwa nahodha na alama ya klabu, wote wakaenda Simba. Simba iliyokuwa haijatwaa ubingwa tangu 2012 ikautwaa mara nne mfululizo kuanzia 2018. Azam haikuwa na njaa ya kulazimika kuuza. Iliamua tu kwamba uti wa mgongo wa timu unaweza kubadilishwa kwa mara moja, na kwa maoni yangu uamuzi ule uliigharimu klabu kuliko kocha yeyote aliyefukuzwa kabla au baada yake.

Mgosi wa Raskazone aliandika tena:

Nawashukuru sana. Hoja ya Mwalimu kuhusu uti wa mgongo imenigusa, kwa sababu ndivyo ilivyotokea kwetu baada ya ile nafasi ya nne. Ley Matampi alikuwa ametangazwa kipa bora wa ligi, ulinzi ulikuwa haupitiki kirahisi, na kocha David Ouma kutoka Kenya alikuwa ameipa timu nidhamu ambayo hatukuwa tumeiona kwa muda mrefu. Ouma hakuufikisha mwisho msimu uliofuata. Nabaki na swali moja la vitendo. Mwanachama wa kawaida, asiye na mamilioni ya kuchangia, anaweza kudai nini katika mkutano mkuu ili mzunguko huu upungue?

Mhasibu wa Ngamiani alijibu:

Adai kwanza orodha ya mikataba, si ya mishahara bali ya tarehe za kumalizika. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu ana ruhusa ya kuzungumza na kusaini na klabu nyingine, na klabu yake isipate hata senti. Klabu ndogo ambayo inamwacha beki wake bora aingie mwaka wa mwisho bila kumwongezea mkataba imekwisha kumtoa bure, hata kama bado anavaa jezi yake. Mwanachama anaweza kuuliza swali hilo mbele ya watu: ni wachezaji gani watano ambao hatutaki kuwapoteza, na mikataba yao inaisha lini?

Jambo la pili linahusu vijana. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, kanuni za FIFA zinatenga asilimia tano ya ada kwa ajili ya klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Fikirieni safari ya Mbwana Samatta, kutoka Mbagala hadi Simba, TP Mazembe mwaka 2011, Genk mwaka 2016 na Aston Villa mwaka 2020. Klabu za mwanzo za mchezaji wa namna hiyo zina haki ya kupata sehemu, mradi zithibitishe kwamba alisajiliwa kwao na kwa miaka ipi. Kwa mauzo ya ndani ya nchi, klabu inaweza kuandika ndani ya mkataba kwamba mchezaji akiuzwa tena itapata asilimia fulani ya ada hiyo.

Haya yote yanahitaji katibu anayetunza kumbukumbu na mwanasheria anayesoma mkataba kabla haujasainiwa, na gharama ya watu hao wawili ni ndogo kuliko ada ya mshambuliaji mmoja wa kigeni anayekaa benchi. Mkutano mkuu ujao nitakuwepo, Mgosi. Nikikuona nitakuunga mkono ukisimama kuuliza.