Neva ya sikio imevimba ila sikio haliumi na nasikia fresh, inawezekanaje?

SemiTrela
Wakuu habari za jioni. Mi dereva wa semi, ruti yangu Dar–Tunduma. Wiki iliyopita nilikuwa na mafua ya kawaida tu yakaisha, juzi alfajiri naamka niende chooni nyumba nzima inazunguka, nashika ukuta nao unakwenda, nikatapika mpaka nyongo. Hata nikilala bado inazunguka, nikifumba macho ndo balaa zaidi. Hospitali malaria hamna, presha na sukari viko sawa. Dokta akaniambia nikodolee pua yake huku kanishika kichwa ananigeuza ghafla kushoto, kulia, akanisimamisha nitembee kidogo, akasema neva ya sikio la ndani imevimba, kwenye cheti kaandika vestibula nyuraitisi. Kanipa dawa za kizunguzungu za siku 3 basi, antibayotiki hamna. Sasa sikio lenyewe haliumi, halitoi usaha, nasikia vizuri tu. Si nimepigwa changa hapa? Na kazini narudi lini maana bosi hakauki kwenye simu

Mchuuzi77
Pole sana mkuu. Mie ilinipata hiyo, nikalazwa kitandani kichwa kikageuzwageuzwa nikatoka nimepona siku ileile, mwambie dokta akufanyie. Bimkubwa yeye huwa anatia mafuta ya habasoda ya uvuguvugu sikioni

Tabibu_Kitaa
@Mchuuzi77 yako ilikuwa nyingine ndugu yangu. Wewe ulikuwa ukijigeuza kitandani inakuzungusha sekunde kadhaa inakata, si ndiyo? Hiyo ni vile vichembe vya chokaa vya ndani ya sikio vimehama sehemu yake, ndo vinarudishwa kwa kugeuza kichwa, wanaita mbinu ya Epley. Ya huyu inazunguka mfululizo mchana na usiku, Epley haitamsaidia. Na mafuta hayafiki huko jamani, neva iko ndani ya mfupa nyuma kabisa ya ngoma ya sikio, mtaishia kuumizana ngoma bure.

@SemiTrela hujapigwa changa. Neva ya nane ya kichwa ina matawi mawili, moja la kusikia na moja la mwili kujua umekaa wima au umeinama. Lililovimba ni hili la pili, ndo maana kusikia hakujaguswa. Kama ungeanza kusikia kwa shida au sikio kuvuma, jina la ugonjwa lingebadilika na ungetakiwa urudi haraka. Mara nyingi inahusishwa na virusi, ndo maana inapenda kuja nyuma ya mafua, na ndo maana hukupewa antibayotiki. Sikio la kulia na la kushoto kila moja linatuma taarifa zake kwenye ubongo muda wote, upande mmoja ukizimika ubongo unapata taarifa za upande mmoja tu unadhani unageuka, kama mtumbwi unaopigwa kasia upande mmoja.

Kile kipimo cha pua usikidharau. Kichwa kikigeuzwa upande mbovu macho yanashindwa kubaki kwenye pua, yanakwenda na kichwa halafu yanaruka kurudi, hapo tunajua ni neva. Mtu anazunguka mfululizo halafu macho yake yanabaki palepale vizuri, hapo mimi ndo naogopa, inaweza kuwa kiharusi cha nyuma ya ubongo. Kwa hiyo ukiona vitu viwiliviwili, ulimi mzito, uso kuvutika, mkono kukosa nguvu, kichwa kuuma vikali au kushindwa kabisa kusimama, usiandike humu, kimbia hospitali.

Mama_Maandazi
Mimi nilishaumwa hiyo. Kosa wanalofanya wengi ni kulala na kumeza vile vidonge mwezi mzima, kumbe vinaupumbaza ubongo usizoee. Zile siku za mwanzo za kutapika ndo unavihitaji, baada ya hapo inuka mamii, tembea umeshika ukuta, shika kidole mbele ya macho ukikodolee huku unatikisa kichwa taratibu kama unayekataa, halafu ongeza kasi kila siku. Utajisikia vibaya kwanza, ndo dawa yenyewe. Mtaalamu wa mazoezi alinambia yale mazoezi ya zamani yalitungwa Uingereza miaka ya 1940 kwa askari walioumia vitani, hayana gharama yoyote. Sokoni kwenye watu wengi nilichelewa kuzoea, mashelfu ya supamaketi ndo usiseme

SemiTrela
Shukrani sana wakuu. Leo kuzunguka kumepungua ila nikitembea navutwa upande wa kulia kama nimelewa. Vipi usukani?

Tabibu_Kitaa
Kuvutwa huko kutaendelea wiki kadhaa, kwa wengine miezi, kunapungua polepole. Semi usiguse mpaka umeacha vidonge, maana vinaleta usingizi, na uweze kugeuza kichwa haraka kucheki saiti mira zote mbili bila barabara kuyumba. Na hata hapo dokta aliyekupima ndo akuruhusu. Bosi mpelekee cheti cha mapumziko, hata kupanda juu ya mzigo kufunga turubai kwa sasa usikubali

Mchuuzi77
Haya habasoda nimeiweka kando 😂 ila bimkubwa simwambii