Michoro mizuri lakini macho makavu: naomba ushauri wa filamu fupi ya katuni

Kalamu2B
Wakuu, heshima kwenu. Kuna filamu fupi ya katuni ya dakika 4 iko mezani: babu fundi baiskeli na mjukuu wake wa kike wa miaka 6. Mwishoni babu anafariki. Rangi zimekubali, mandhari yamekaa vizuri, lakini watazamaji wanasema "michoro mizuri" na kuinuka. Kilio cha mtoto kina sekunde 40, muziki wa huzuni unaanza dakika ya 2. Filamu za katuni kama Up ya Marekani na Hotaru no Haka ya Japani (Kaburi la Vimulimuli) zinafanya nini hata mtu mzima anatafuta leso, na anajua fika kwamba ile ni michoro tu? Nisaidieni kabla sijaanza kuchora upya.

Fremu24
Mkuu, sekunde 40 kati ya 240 ni sehemu moja ya sita ya filamu, na zote zimeliwa na kilio. Mtazamaji halii kwa sababu mtu amekufa. Analia kwa sababu kitu alichokwisha kukizoea hakipo tena. Asipopewa muda wa kuzoea, hana cha kukosa.

Itazame Up ya 2009, kile kipande cha ndoa ya Carl na Ellie. Kinakwenda kama dakika 4, sawa na filamu yako nzima, na hakuna mazungumzo. Chupa ya akiba ya safari inavunjwa tairi likipasuka, inavunjwa tena mguu ukiumia, inavunjwa tena mti ukiangukia paa. Halafu kilima. Ujanani Ellie anatangulia, Carl anafuata nyuma. Uzeeni Carl ndiye yuko juu, na Ellie anaanguka njiani. Hakuna daktari wa kueleza anguko hilo. Kilima ni kilekile, waliopanda wamebadilishana nafasi, basi.

Tafuta kitu kimoja cha babu, kimoja tu, kionekane mara tatu. Mara mbili za kwanza ziwe za furaha kwelikweli. Wengi wanaharibu hapa: wanaweka huzuni tangu mwanzo, na ikifika mwisho mtazamaji amekwisha kujikinga.

Mwangaza_wa_Koroboi
Naongezea kuhusu Hotaru no Haka ya Isao Takahata, 1988. Kifo kinatangulia: kijana Seita anakufa stesheni mwanzoni kabisa, kwa hiyo huna hata tumaini la kushikilia. Kitu chao, yeye na mdogo wake Setsuko, ni kopo la peremende. Kwanza lina peremende. Zikiisha, linatiwa maji ili Setsuko anywe utamu uliobaki. Mwisho linabeba mifupa ya Setsuko mwenyewe. Kopo halibadiliki, kilichomo ndicho kinabadilika.

Na uzuri wa michoro si pambo. Wahusika wale wamezungushiwa mistari ya kahawia mahali pengi badala ya myeusi, ngozi inaonekana laini, inavunjika upesi. Vimulimuli vinawaka vizuri usiku, asubuhi vimekufa, mtoto anavichimbia kaburi. Ukifanya usiku ule uwe mbaya, kaburi la asubuhi halina uzito. Kwa hiyo usizipunguze rangi zako, ndugu. Zipeleke kwenye siku za furaha, banda la babu ling'ae.

NyuziMbili
Upande wa uso. Sura ya katuni ina mistari michache, mtazamaji anaijaza kwa sura anazozijua yeye. Ukimchora mtoto akilia kwa kinywa wazi na machozi mabomba, umeijaza wewe, yeye amebaki nje. Mpe mtoto kazi badala ya kilio. Kwenye The Lion King ya 1994, Simba mdogo anamvuta baba sikio asubuhi ili aamke. Bondeni, baba akiwa amelala amekufa, anamvuta sikio vilevile. Mtoto anarudia kilichofanya kazi jana, leo hakifanyi. Mimi naona pale ndipo roho inapokatika, kabla ya chozi lolote.

Kwa fremu, yaani picha moja moja zinazounda filamu: ikiwa ni 24 kwa sekunde na kila mchoro unakaa fremu 2, una michoro 12 kwa sekunde. Baada ya tukio zito mwache mtoto atulie sekunde 2 hadi 3, lakini usigandishe mchoro mmoja, utaonekana kama kompyuta imekwama. Weka pumzi mabegani na kufumba macho mara moja: michoro 2 kufunga, 1 macho yamefungwa, 3 kufungua. Kufungua kuwe polepole kuliko kufunga.

SautiKwanza
Ondoa huo muziki wa dakika ya 2, unamwambia mtu alie kabla hajaombwa. Kwenye Up, mtunzi wa muziki Michael Giacchino alichukua wimbo mmoja: unachangamka mwanzoni, mwishoni ni uleule kwa piano, taratibu. Na kifo kisionekane. Mama wa Bambi, yule paa mdogo wa filamu ya katuni ya 1942, tunasikia bunduki, hatumwoni akianguka, kisha theluji inashuka.

Kalamu2B
Asanteni sana, wakuu. Nachukua kengele ya baiskeli. Mara ya kwanza mtoto hafikii, babu anamwinamishia usukani. Mara ya pili anapanda juu ya debe, anafikia mwenyewe, babu anacheka. Ya tatu je?

Fremu24
Baiskeli imeegemezwa ukutani, mtoto amekua, anafikia bila debe. Anapiga kengele mara moja, anageuka kutazama mlango wa banda. Kaa na mlango huo fremu 60.

SautiKwanza
Na rekodi kengele halisi, si ya kompyuta. Mara mbili za kwanza ichanganyike na pampu, redio na kicheko. Ya tatu iwe peke yake, uiache iishe yenyewe mpaka mwisho, halafu ndipo piano iingie.