Miaka mitatu ya kusubiri, episodi nane, halafu inakatwa katikati. Hivi hawa watu wanatuonaje?

Wakuu, naomba nitoe la moyoni kabla halijanipasua. Huu mtindo wa watengenezaji wa tamthilia kutungojesha miaka miwili, mitatu, kisha tunaletewa episodi nane ambazo nusu yake ni watu wanatembea kwenye korido wakinong'ona, umenifika hapa. Na kabla hujaniambia nizime tivii nikalale: nimeshazima. Ndiyo maana nina nafasi ya kuandika.

Naanza na Stranger Things, ile ya watoto wanaopambana na madude, kwa sababu ndiyo iliyonimaliza uvumilivu. Ilianza Julai 2016, ikafungwa mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 2025. Misimu mitano basi. Ndani ya hadithi yenyewe, tangu yule mtoto apotee hadi pambano la mwisho, ni kama miaka minne tu, 1983 mpaka 1987. Sisi huku nje tumekula tisa na ushee. Mwigizaji wake Millie Bobby Brown tulimwona mara ya kwanza ana miaka 12, kichwa kimenyolewa, katoto kabisa. Msimu wa mwisho unatoka, mwenzetu kashaolewa. Halafu tunaambiwa hao ni wanafunzi wa sekondari! Mtu ana mabega ya kubeba zege, anapanda baiskeli kwenda kupambana na dude, na mimi natakiwa nimwonee huruma eti bado mtoto.

Na huo msimu wa mwisho, baada ya kuungoja tangu 2022, hawakutupa mzima. Waliukata mafungu matatu: mwishoni mwa Novemba, Krismasi, na huo mkesha. Episodi nane, mafungu matatu. Hata tuliovumilia tukapunjwa.

Severance nayo. Hii naipenda, na ndiyo maana inaniuma zaidi. Msimu wa kwanza ulitoka 2022, ukaishia pale Mark, mhusika mkuu, anapopiga kelele kwamba mkewe yu hai. Sekunde hiyohiyo, giza, majina ya waigizaji. Sawa, tukasubiri. Tukasubiri. Msimu wa pili ukaja Januari 2025. Kwa wasioijua, ni hadithi ya wafanyakazi waliopasuliwa ubongo ili akiwa kazini asikumbuke ya nyumbani, na akiwa nyumbani asikumbuke ya kazini. Hawakuhitaji kutueleza operesheni hiyo inavyokuwa, maana walitufanyia sisi watazamaji. Nilikaa kutazama huo msimu wa pili sikumbuki nani alikuwa upande wa nani, yule mama mwenye nywele nyeupe anataka nini, wala wale mbuzi walitokea wapi. Ule muhtasari wa dakika mbili wanaouweka mwanzoni unakuonyesha sura tu, haukurudishii ulichokuwa unakihisi.

Atakuja mdau hapa chini na hoja ya mgomo. Nakuwahi. Ndiyo, waandishi wa filamu na tamthilia wa Marekani waligoma tangu 2 Mei hadi 27 Septemba 2023, siku 148, na waigizaji wakagoma siku 118 mwaka huohuo. Walikuwa na haki yao na niliwaunga mkono. Lakini ukijumlisha yote haifiki hata mwaka. Hiyo miaka mingine inayobaki tumlaumu nani? Na hii tabia ilikuwepo kabla ya mgomo na inaendelea baada yake.

Mwingine atasema kazi nzuri inahitaji muda. Haya, niambie kuhusu The Pitt. Ilianza Januari 2025, episodi 15, kila episodi ni saa moja ya zamu moja ya chumba cha dharura hospitalini. Ikachukua tuzo ya Emmy ya tamthilia bora mwaka huohuo. Januari 2026 msimu wa pili huo hapo, haujachelewa hata kidogo. Hakuna majoka, hakuna sayari ngeni. Kuna madaktari, damu, na mazungumzo yaliyoandikwa na watu wanaojua kuandika. Slow Horses, ya majasusi, vilevile: ilianza Aprili 2022, na kufikia 2025 ilikuwa na misimu mitano. Mwigizaji Gary Oldman anaingia na soksi zake zilizotoboka, anatukana kila mtu, kesi inafungwa ndani ya episodi sita, mnaagana, mwakani mnaonana tena. Kumbe inawezekana!

Sasa mkitaka kujua hasira hasa iko wapi, iko kwenye kukatwa katikati. House of the Dragon, ile ya ukoo wa kifalme wenye majoka, msimu wa kwanza ulikuwa na episodi 10. Wa pili, 2024, zikashuka hadi nane. Msimu mzima watu wanajadili vita. Wanakaa mezani, wanainuka, wanakaa tena. Unafika mwisho, majeshi yanaandamana, meli zinang'oa nanga, majoka yako angani, unajivuta mbele ya kiti… imeisha. Vita mtaviona msimu wa tatu, yaani 2026. Na Squid Game, ile ya Kikorea ya michezo ya kufa na kupona, ikafanya yaleyale Desemba 2024: episodi saba, maasi yamepamba moto, kata! Nyingine sita zikaja Juni 2025. Huo ulikuwa msimu mmoja jamani. Ni sawa na fundi kukurudishia suruali ya mguu mmoja na kukuambia wa pili uje uuchukue miezi sita ijayo.

Halafu kuna zile ambazo huo mguu wa pili hauji kabisa. 1899 ilitoka Novemba 2022, watengenezaji walewale wa tamthilia ya Kijerumani ya Dark, meli imejaa abiria kila mmoja na lugha yake, fumbo juu ya fumbo, na mpango ulikuwa misimu mitatu. Januari 2023 ikafutwa. Haikufikisha hata miezi miwili! Watu wengine walikuwa bado hawajasikia jina lake.

Na hapa ndipo ujanja wao unapowarudia. Mtazamaji akishaachwa njiani mara kadhaa anajifunza kutoanza kitu mpaka ajue kitakwisha. Wakubwa wa hizo kampuni wanaangalia takwimu za wiki za mwanzo, wanaona watu wachache, wanafuta. Aliyekuwa anangoja anajisemea, si unaona, afadhali sikuanza. Wao wanasema watu hawana uaminifu kwa tamthilia siku hizi. Uaminifu upi? Mmetufundisha wenyewe!

Mengine nayapitia haraka maana presha inapanda. Giza: tangu ile episodi ya vita ya usiku ya Game of Thrones mwaka 2019, ambayo mpiga picha wake alijitetea kwamba watu hawajui kurekebisha tivii zao, naona kila mtu kaamua kurekodi gizani. Sauti: mazungumzo yananong'onwa, mlipuko unaamsha nyumba nzima, unashinda na rimoti mkononi. Na matangazo ndani ya huduma unayoilipia kila mwezi, hilo linataka uzi wake peke yake.

Msimamo wangu kuanzia sasa: sianzi tamthilia ambayo haijafika mwisho. Najua, kwa hesabu niliyoieleza hapo juu, mimi nami naziua. Basi zife. Hawakunihurumia, nami siwahurumii.

Kwa hiyo wadau, tupieni hapa majina ya tamthilia zilizokwisha, zenye mwisho unaoeleweka. Za "msimu mpya unakuja" msiniletee. Na kisa cha House of the Dragon kiko kitabuni tangu 2018, kwa hiyo aliyesoma anieleze hapahapa nani anabaki hai. Spoila ruksa, mwaga zote.